Nei Ribwanata na Nafasi ya Kulia

Bibi yetu, Nei Ribwanata Tekinaiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1935 hapa kisiwani Betio, kwenye kiwanja hiki hiki tuliposimama leo kumsindikiza. Alikuwa mtoto wa pekee wa Tekinaiti, mgema aliyeimba juu ya mnazi kila alfajiri. Mwaka 1941 Tekinaiti alianguka, akavunjika mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na bintiye alizoea kuushika huo akitembea naye.

Septemba 1942 wanajeshi wa Japani waliwahamisha wakazi wa Betio, ila baadhi ya wanaume wakabakizwa kubeba magogo ya minazi ya kujengea mahandaki. Tekinaiti alimwambia bintiye ufukweni, "Usilie wewe. Magogo yao yakiisha nakuja. Nani mwingine atakugemea?" Novemba 1943 Wamarekani walishuka. Kwa siku tatu mtoto wa miaka minane, akiwa kule Eita walikohamishiwa, aliona moshi ukisimama juu ya nyumbani kwao. Watu karibu elfu sita walikufa kwenye kisiwa ambacho mtu hukikata upana kwa dakika kumi. Aliporudi hakukuwa na mnazi wenye kichwa, wala mtu aliyemwona baba yake. Tangu hapo alikuwa na ombi moja, hakulibadili hadi mwisho: azikwe kando ya Tekinaiti.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1946 hadi 1951. Siku moja waliambiwa wachore ramani ya kisiwa, naye akajaza yake viduara.

"Visima vyote hivi, Ribwanata?" mwalimu akauliza.

"Si visima, Sista. Ndipo walipo watu."

Sista aliitundika ramani hiyo ukutani, na hakuna aliyethubutu kuishusha.

Tarehe 6 Oktoba 1955 aliolewa na baharia Moantau Kaitira, wakajaliwa watoto watatu. Kuanzia 1968 hadi 1990 alipika katika jiko la chuo cha mabaharia, na vijana wengi walioko meli za mbali walikula wali na samaki wa mkono wake. Nyumbani, kila shimo lilimpa mgeni. Akichimba kisima, mfupa. Akipanda mpapai, mfupa. Kila mmoja aliuosha, akaupaka mafuta ya nazi kama tunavyowafanyia wazee wetu, akauzika chini ya mawe meupe na kuuwekea tumbaku. Marehemu Moantau alikuwa akilalamika, "Mimi nilioa mwanamke mmoja, jamani. Mbona naishi na kijiji?" Naye akimjibu, "Hao angalau hawakoromi."

Mwaka 1979, katika shimo la nguzo ya nyumba, Moantau alichimbua mkono wa kushoto uliowahi kuvunjika chini ya kiwiko na kupona ukiwa umepinda. Nei Ribwanata aliushika mpaka jua likahama. Aliuweka katika sanduku, na kwa miaka thelathini na minne aliupaka mafuta kila Jumapili baada ya misa, akiuita Baba.

Mwaka 2013 walikuja wageni wanaotafuta mifupa ya askari. Watoto wake walimsihi asilitoe sanduku.

"Mama, tunajua ni yeye. Unapima nini?"

"Kama si yeye, kuna mtoto wa mtu anamngoja kama mimi. Nimfiche?"

Wageni hao walipomwomba mate ya kupima undugu wake na ule mkono, alicheka. "Mmechelewa. Yote nimeyamaliza kugombeza wajukuu."

Jibu lilichukua miezi kumi na minne. Mkono haukuwa wa Tekinaiti. Haukuwa wa askari yeyote wanayemtafuta; huenda ni wa mmoja wa vibarua walioletwa kutoka Korea. Nei Ribwanata aliuliza, "Kuna binti yake aliyejitokeza?" Wakasema hapana. "Basi nirudishieni." Jumapili iliyofuata alishika chupa ya mafuta kama kawaida.

Kisukari kilimpata mwaka 2009, na mwaka 2017 akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aliagiza uzikwe hapa kiwanjani. "Utangulie," aliuambia, "unishikie nafasi." Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na minne, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake Terengaua.

Jana wanawe na wajukuu walichimba kaburi hili. Walipofika kina cha kiuno, jembe la mwanawe Kaure likagonga kitu.

"Nini hicho?" dada yake, Terengaua, akauliza kutoka juu.

"Paja."

"La nani?"

"Mimi nijue, dada? Lete mafuta."

Mfupa huo uko hapa leo, ndani ya mkeka, kando ya jeneza. Wageni wa mifupa tumewaarifu, nao wataupokea Jumatatu. Mate ya Nei Ribwanata wanayo tayari. Kushoto kwake tutaliweka lile sanduku. Kulia kwake kaburi limechimbwa pana kuliko desturi, na nafasi hiyo tumeiacha wazi.

Ameacha watoto watatu, Kaure, Terengaua na Iobi, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, na wote walio chini ya mawe meupe, ambao sasa ni jamaa zetu wa kuwatunza.

Apumzike kwa amani, Nei Ribwanata, pamoja na hao aliowapumzisha.