Sarafu Iliyotolewa Kinywani mwa Mukatra

Shemeji wa marehemu, Nerulo, muuza mafuta ya zeituni aliyezunguka bandari kumi na nne na kupotea katika kumi na tatu, alimtia marehemu kinywani sarafu ya nauli ya mvushaji wa wafu mtoni bila kuitazama picha yake, na dada yake, mjane Vibidia, akamkemea mbele ya waombolezaji wote, "Toa hiyo, kaka! Macho umeyauza pamoja na mafuta?" Nerulo akaichokoa kwa vidole vyake vinene, akaomba radhi, kisha akasoma wasifu:

"Marehemu Mukatra alizaliwa nchi ya Dakia, mwaka uliofuata mlipuko wa Vesuvio, akatekwa na majeshi yetu akiwa na miaka minane, yeye na mama yake, wakauzwa sokoni Akwileya siku moja kwa mabwana wawili, wasionane tena. Shule yake ilikuwa patasi na makofi katika kiwanda cha sarafu hapa Roma, na kufikia miaka ishirini hakuna aliyemshinda kuchonga mihuri ya kugongea shaba, iwe meli, iwe masuke ya ngano, iwe mbwamwitu na mapacha wake.

Mwaka wa tisa wa Kaisari huyu, nchi yake ilipoangushwa, msimamizi wa kiwanda alimwagiza aichonge kwenye muhuri wa sarafu kama mwanamke aketiye juu ya ngao akilia, akakataa, akachapwa, akachonga, na kwa kuwa alimjua mwanamke mmoja tu aliyelia hivyo, sura ikawa ya mama yake. 'Safi,' msimamizi alisema, 'ila mwinamishe kichwa zaidi.' Tangu hapo mama wa mtu ametumika kununulia vitunguu, ametupwa kwenye kamari, ameokotwa mitaroni, na mwanawe hakuigusa sarafu ile hata siku moja.

Aliachwa huru mwaka uliofuata, akamwoa Vibidia tarehe ishirini Juni, wakajaliwa watoto wawili, Skorila na Zia. Moshi wa tanuri ulimla mapafu, akafariki hapa mtaani Subura juzi, tarehe nne Novemba, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Tunamshukuru tabibu Mgiriki kwa asali yake, majirani waliopandisha maji ngazi za ghorofa nne, na wagonga nyundo wenzake waliombeba. Wewe msimamizi hatukushukuru. Rambirambi uliyoleta ni sarafu ileile, mpya, inang'aa, na mimi mpumbavu nikamlisha. Ichukue.

Pumzika, Mukatra, kwa amani tuliyokunyima."

Msimamizi akaipokea, akacheka kidogo. "Haya, na bila nauli atavukaje?"

"Ataogelea," Vibidia akasema. "Mfunikeni."