Mafuta ya Msonobari

Ndani ya treni ya kwenda Chita, bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alimpakata mjukuu aliyebabuka kifuani. Jirani yake akauliza kama ni maji ya moto. Bibi akatoa chupa. “Ni mafuta ya msonobari, kaka. Alikuwa na mafua, nikampaka kama tunavyowapaka watoto wakitoka kuoga.” “Matupu? Mama, hata mtu mzima hutia matone tu kwenye mafuta ya nazi. Mtoto mchanga hapakwi kabisa!” “Nimelea sita kwa mafuta.” “Hao hukuwapaka dawa ya kusafishia choo.” Maneno makali, lakini niliinusa ile chupa, harufu ni hiyohiyo.

Bibi akafuta macho. “Mama yake kaniachia avune mpunga. Nitasema ni joto.” “Halafu naye ampake tena? Sema ukweli.” “Hataniachia tena mtoto.”

Treni ikasimama. Mama mtoto alikuwa keshafika dirishani, amenyoosha mikono ampokee.