Boila ya Miaka Kumi na Sita

Siku tatu baada ya sikukuu ya mwaka mpya, Gapsu, dereva wa basi la mji wa Wonju, Korea, aliwasikia wanawake wawili waliokaa nyuma yake, wala hawakuwa wakijuana, wakibishana.

“Mpangaji wangu kaenda kwao kula sikukuu, kazima boila ya kupasha sakafu joto,” alisema Malsun, mwenye nyumba. “Maji yakaganda ndani yake, yakaipasua. Mpya ni won laki tisa. Nani alipe kama si yeye?”

“Wewe, dada,” akajibu Okhui, mpangaji tangu aolewe. “Ilikuwa na umri gani?”

“Miaka kumi na sita.”

“Loo! Hiyo ilishajifia zamani, ilikuwa inangoja wa kusingiziwa tu. Mimi mwenye nyumba wangu akinidai, nalala na koti kwenye baridi mpaka aone haya mwenyewe. Silipi ng’o!”

“Aliyezima ndiye alipe!”

Gapsu akaendelea kuendesha, maana dereva hana pa kukimbilia. Basi likafika mwisho wa safari. Hakuna aliyeinuka. Akazima injini, na joto la ndani likakatika.

“We dereva!” wakamfokea kwa sauti moja. “Nani kakwambia uzime?”