Mguu Uliosahau Kazi Yake

Wapendwa, mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini siku yangu ya kwanza na timu yenu hapa Kendu Bay niliwakataza kula kabla ya mechi. Jibu liko kwenye mguu wangu wa kushoto. Lakini lazima nianze na safari, kwa sababu niliingia Kisumu nikiwa mzima.

Nilitoka Kalokol, kule Ziwa Turkana, nimeketi juu ya magunia ya samaki wakavu kwenye lori lililokuwa linapeleka mzigo soko la Kibuye, Kisumu. Tulitumia siku tatu. Karibu na Kapenguria springi ilivunjika, tukakaa hapo kutwa nzima. Yaani wengine ndio walikaa. Mimi nilikimbia mpaka kilima cha mbele ili nione kina nini nyuma yake, nikarudi, nikakimbia tena. Dereva akauliza, "Huyu ni mtu au ni mbuzi aliyekata kamba?"

Ndivyo nilivyo, ndugu zangu. Nilizaliwa upande wa Bondo, nikamaliza sekondari, nikaondoka. Nimebeba mizigo Mombasa, nimelinda geti Nakuru, nimechota mchanga Lodwar. Kila nilipofika niliuliza kwanza uwanja wa mpira uko wapi, maana nilikuwa winga wa kushoto na sikujua njia nyingine ya kupata marafiki. Nilipofika miaka arobaini na moja nikaanza kuota harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, wakianikwa juani. Nikarudi. Si nyumbani kabisa. Kisumu tu, karibu kidogo.

Nikapata kazi ya kupakua magunia Kibuye, na Jumapili jioni nikawa nacheza na timu ya wazee. Siku moja mazoezini nikasikia kitu kimevutika kwenye shavu la mguu, hapa nyuma. Kidogo tu. Jirani yangu mmoja, mama anayesugua watu viungo, akachemsha maji ya chumvi, akanikanda kwa vidole gumba mpaka nikatoa machozi. Simlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia, "Mama, bonyeza zaidi."

Wiki mbili baadaye nahodha wetu akafiwa na kaka yake, kijijini karibu na Katito. Mnaijua desturi yetu: marehemu akiwa mpenzi wa mpira, mechi inachezwa siku ya mazishi, na washindi wanapewa dume la mbuzi. Nikamwambia nahodha mguu haujakaa sawa.

Akaniangalia. "Omera," akasema, yaani ndugu kwa Kijaluo, "kaka yangu amelala hapo kwenye sanduku. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe kwamba mguu unakuwasha."

Nikavaa jezi.

Sasa sikilizeni tulivyofanya siku hiyo, na mtu asiyewahi kufanya hivyo anyooshe mkono. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema tangu asubuhi, tukasikiliza hotuba za wajomba, za shule, za kanisa. Tukazika. Tukala ugali na nyama ya ng'ombe, mimi sahani mbili. Kisha tukainuka kutoka kwenye viti, moja kwa moja hadi uwanjani.

Naona hakuna mkono.

Mpira wangu wa tatu, nikachomoka mbio, nikasikia kishindo kama kofi. Nikageuka kwa hasira nione nani amenipiga teke. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Beki wao alikuwa mbali, ananishangaa. Nilipokanyaga tena nikaanguka.

Miezi minne iliyofuata sipendi kuikumbuka, lakini nitaisema. Nililala wiki kadhaa, maumivu yakaisha, nikakimbia, msuli ukachanika tena. Nikalala tena. Nikakimbia tena. Kazi ya magunia ikapewa mwingine, mimi nikawa wa kuhesabu mizigo nimekaa. Jioni nilikuwa natembea pole pole mpaka ufukoni Dunga kuangalia maji, najiuliza: mimi ni mtu wa kuondoka, sasa nikishindwa kuondoka nitakuwa nani? Hilo ndilo lililoniogopesha. Si mpira peke yake.

Nikaamua shida ni viatu. Pale Kibuye kuna mama anauza viatu vya mitumba, amevirundika kama kichuguu. Nikachagua raba nzuri. Akanikataza kulipa.

"Vua hivyo ulivyovaa kwanza."

Akavigeuza soli juu. Cha kulia kilikuwa kimelika kisigino chote mpaka kitambaa. Cha kushoto karibu kipya.

"Baba, huu mguu wa kushoto hufanyi kazi nao. Unautembeza tu."

"Umepona, mama. Hauumi."

"Mimi sikuulizi kama unauma. Miaka yote hii naangalia soli za watu. Nikikuuzia hivi leo, utaniletea vikiwa hivihivi. Nenda hospitali kwa wale wa mazoezi ya viungo. Viatu vyako nitakuwekea."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikasirika njia nzima. Kisha hasira ikageuka udadisi. Mtu ambaye hajawahi kunigusa amejuaje? Basi nikaenda.

Nilimkuta dada mmoja wa kutoka Kakamega, mpole wa sauti tu. Akasema, "Simama kwa mguu wa kulia peke yake. Inua kisigino, shusha. Endelea." Nikafika ishirini na tano. "Haya, kushoto." Nikafika mara mbili, mguu ukaanza kutetemeka kama jani. Mimi, winga!

Nikamwambia nimeupumzisha miezi minne. Akajibu, "Ndiyo maana. Umeupumzisha mpaka umesahau kazi yake. Halafu unaamka siku moja unaudai mbio zote."

Akanieleza mambo ambayo hakuna mtu alikuwa amenieleza. Kwamba msuli ukichanika, siku za mwanzo hautaki maji moto wala vidole gumba. Unataka utulizwe, ufungwe, upewe nafasi. Lakini baada ya hapo unataka kazi, kidogo kidogo, na asubuhi inayofuata ndiyo inatoa jibu. Ukiamka mguu umekaza kuliko jana, ulizidisha. Ukiamka sawa, ongeza kidogo.

Hilo la asubuhi lilinishika. Nikanunua daftari. Kila nilipoamka niliandika: sawa, au umekaza, na jana nilifanya nini. Niliinua visigino kwenye ngazi ya stoo pale sokoni, huku wapakuaji wakinicheka. "Mzee anachungulia Uganda!" Mwingine anajibu, "Muache, atatuambia kama mvua inakuja." Nikagundua vitu vya ajabu. Siku nilizolala vibaya, mguu ulikaza hata bila mazoezi. Nikitembea kwanza mpaka nitoe jasho, visigino vilipanda vyenyewe. Nikaanza kujiuliza: je, ule msuli ulichanika kwa sababu ya uzee, au kwa sababu ya zile saa nne kwenye kiti?

Mwaka ulipotimia, nahodha akaitisha mechi ya kumbukumbu, palepale kijijini. Nilikuwa nimefika visigino kumi na nane. Dada wa hospitali alisema nisicheze mpaka miguu ilingane. Nahodha akasema, "Umeogopa."

"Ndiyo, nimeogopa. Kaka yako nilimpa mguu. Safari hii nataka kumpa kitu kingine."

Nikamwendea mama yake, nikapiga magoti, nikamwomba chakula kingoje mpaka mechi iishe. Jambo zito hilo, kuwaambia wageni wa kumbukumbu wangoje. Aliutazama mguu wangu wa kushoto. Kisha akasema, "Ni wewe uliyebebwa kutoka uwanjani kwangu?" Nikakubali. "Basi funikeni sufuria."

Hotuba zikiendelea, nikawatoa wazee nyuma ya zizi. Tukatembea, tukakimbia taratibu, tukainua visigino, tukaruka. Akina mama wakauliza ni ngoma gani hiyo isiyo na ngoma. Tulifungwa mawili bila, mimi nikiwa kando ya uwanja. Lakini wote kumi na mmoja walirudi mezani kwa miguu yao, na nahodha akaja kukaa kando yangu, akanimegea nyama kwenye sahani yake.

Namshukuru huyo mama mfiwa. Namshukuru dada wa Kakamega, na hata wapakuaji, maana kicheko chao kilinifanya nisikose siku. Ninyi nawaachia hili moja: mwili unajibu ukiulizwa. Uulizeni kila asubuhi, na mwamini jibu hata kama si mlilotaka.

Nilicheza tena msimu mmoja mzima. Halafu, mnavyonijua, nikaanza kutazama barabara. Siku ya kuondoka Kisumu nilipitia Kibuye na begi langu. Yule mama wa mitumba hakunisalimia. Alinyoosha mkono tu. Nikavua zile raba alizoniwekea na kuniuzia nilipopona, nikampa. Akazigeuza soli juu, akaziweka sambamba kwenye mwanga, akapitisha kidole kisigino hiki na kile.

"Zimelika sawa," akasema. "Sasa unaweza kwenda."