Nyama ya Harusi Haisogei

Pale Magoudjou, mtaa wa mji mkuu Moroni, ubavuni mwa saibakafe, kuna benchi la saruji ambalo watu wake wanajua kila kitu isipokuwa mambo yao wenyewe. Ilikuwa mapema mwaka 2008. Kisiwa cha Ndzuani kimejitenga na serikali ya Moroni, meli za kwenda Mutsamudu, bandari yake, zimezuiwa, na kila redio inasema wanajeshi watavuka karibuni. Hata hivyo watatu wa benchi walikuwa wanafunzi, tena wa kozi ya kuandika programu kwenye mtandao. Sharti la kozi: kazi yako isomwe na kukosolewa na mwanafunzi mwenzako, la sivyo hupati cheti. Kozi ilikuwa inafungwa siku hiyo magharibi, na kazi ya mwenzao Rafia, binti wa Mutsamudu, bado haijasomwa na mtu. Chuo cha Antananarivo kilimwambia bila cheti asije. Issouf, karani wa serikali ambaye kijiweni anaitwa Nukta, alilijua hilo, na alishawaambia wenzake anataka kuisoma kazi hiyo.

Fitina ilianzia kwa Mroudjae, anayeitwa Bwana Harusi wa kijiwe kwa kuwa ameshafanya harusi kubwa, ile inayompa mtu wa kisiwa hiki cha Ngazidja haki ya kukaa mbele na kusema kwanza. Aliandika programu ya kugawa nyama ya karamu kwa vyeo. Jana Rafia akamjibu kwenye jukwaa la kozi, watu wote wanaona: "Programu yako inampa wa kwanza, kisha inarudi kwake tena. Haisogei. Wengine watakufa njaa."

— Amenitukana, — alisema Mroudjae. — Mtu mzima mimi, na harusi yangu.

— Hajakutukana wewe, — alidakia Dhoihir, dereva wa teksi aitwaye Redio. — Ameitukana Moroni. "Anapata wa kwanza, wengine hawapati." Si ndiyo hotuba yao hiyo? Huyo binti hakosoi programu, anapiga siasa.

— Mbona nyinyi mlisema nzuri? — aliuliza Mroudjae.

— Tuliandika "Mashaallah, bwana." Penye wengi hapaharibiki neno. Tumeisifu wengi, kosa lingepitia wapi?

Kosa lile Issouf aliliona mapema kuliko Rafia. Ila yeye hajafanya harusi kubwa, na tangu lini anayekaa nyuma akamsahihisha anayekaa mbele? Akaandika Mashaallah kama wenzake, na mpaka leo anaona haya.

— Labda kosa lipo, — alisema taratibu.

— Nukta, tulia. Haba na haba hujaza kibaba. Leo anakutumia mstari mmoja wa programu, kesho mwingine, keshokutwa mistari yote imejipanga kambini na bunduki.

— Mstari unashikaje bunduki, Redio?

— Usome kinyumenyume, utaiona. Hiyo kazi yake unayotaka kusoma inahusu nini?

— Inapanga zamu za wagonjwa, kwenye zahanati moja ya Mirontsy, huko kwao Ndzuani.

— Haya, si umesema mwenyewe. Wagonjwa ni askari. Zahanati ni bandari. Ukiifungua tu, kompyuta inawaambia Mutsamudu tuko wangapi hapa na tunakunywa kahawa ya nani.

— Basi atakayemsomea leo ni msaliti, — Mroudjae alifunga mjadala. — Nimesema.

Siku zile neno hilo lilitosha kumkosesha karani kazi. Issouf aliogopa, tena sana.

Ukingoni mwa benchi alikuwa ameketi Moinafouraha, mama kutoka mji wa Itsandra aliyekuja kupiga fotokopi na kukuta foleni.

— Samahanini, baba zangu. Huyo Rafia ndiye aliyewasomea nyinyi kazi zenu?

Dhoihir alikohoa.

— Zote. Tangu mwanzo wa kozi. Vyeti tunavipata kwa sababu yake.

— Na ya kwake nani kaisoma?

Mroudjae alichungulia kikombe chake, akakuta machicha matupu. Issouf akasimama.

— Naenda kumsomea mimi.

— Kaa, — alisema Mroudjae.

— Sikai, bwana. Na ya kwako ina kosa. Nililiona, nikanyamaza.

Mroudjae akaweka kofia yake sawa, akainuka na kumpita mlangoni.

— Mdogo hamtangulii mkubwa, — alisema. — Nafungua mimi. Wewe nionyeshe pa kubonyeza.

Ndani aliisoma kazi ya Rafia akitafuta kosa kwa hamu, asilipate. Akataka kuandika Mashaallah.

— Hiyo haitoshi, bwana, — alisema Issouf. — Lazima uijaribu kwanza.

Wakaijaribu. Majina ya wagonjwa yakaanza kuitwa kwenye kioo cha kompyuta, mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo, na kila aliyehudumiwa akaondoka kwenye foleni. Mroudjae alisubiri mpaka yule wa mwisho kabisa naye akaitwa. Ndipo akaandika, kwa kidole kimoja:

"Nimeijaribu. Inafika mpaka wa mwisho. Ya kwangu nairekebisha."