Karatasi Iko Wapi? Miaka Thelathini na Minane ya Bi Arlene Skogstad

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawaomba sana, neno lolote lililo humu lisimfikie Bi Arlene kabla ya Ijumaa. Alishakataza asiandikiwe chochote, na akikataza jambo hukumbuka nani alikuwepo. Pia kuna kosa moja ninalolieleza hapa ambalo halimo katika jalada lolote la jengo hili. Msomeane kimya kimya, kisha nakala mzifungie kwenye droo.

Bi Arlene Skogstad anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya kuitumikia mahakama ya shirikisho hapa Kettle Bluff kwa miaka thelathini na minane. Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa naibu karani mwenye mamlaka ya kuapisha watu. Amefanya kazi chini ya marais saba. Viti vya majaji katika jengo letu ni viwili tu, na katika muda wote huo ameona majaji watano wakivikalia. Wao huteuliwa kwa maisha yao yote. Yeye hupenda kusema kwamba majaji ni wa maisha, makarani ni wa mpaka goti likatae.

Nilipofika hapa miaka miwili iliyopita nilikuwa na shahada na woga mwingi. Nilijua kwa kusoma kwamba rais huteua jaji na Seneti humthibitisha. Sikujua kwamba kati ya sentensi hiyo na mtu mwenye joho kuna makaratasi yanayoweza kukwama popote. Bi Arlene anayajua yote. Anajua hata kwamba majaji wawili wakiteuliwa siku moja, mkubwa kazini ni aliyezaliwa mapema. Hilo lilitokea hapa zamani. Majaji wawili waligombania kwa adabu sehemu ya kuegesha gari iliyo karibu na mlango, hadi yeye akawaambia, "Waheshimiwa, nileteeni vyeti vya kuzaliwa, au mwendelee kutembea kwenye theluji." Walitofautiana kwa siku kumi na moja. Aliyeshindwa alimnunia mpaka majira ya kuchipua.

Wengi wenu mnaukumbuka ule mti wa kwenye chungu ofisini mwa jaji, ghorofa ya tatu. Kiti kile kilikaa kitupu miaka mitatu na miezi miwili. Rais alikuwa na jina, lakini kwa desturi ya kule Washington kila seneta wa jimbo husika hupelekewa karatasi ya bluu aseme kama anaridhika, na karatasi moja haikurudi. Aliyekuwa nayo hakukataa wala hakukubali, alinyamaza tu. Kesi zilirundikana. Jaji wetu mwingine alizibeba zote, magoti yakimuuma. Na kila Jumatatu Bi Arlene alipanda ghorofa ya tatu na birika, akafungua ofisi isiyo na mtu, akaumwagilia ule mti. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Atakuja mtu, Emmett. Asikute kila kitu kimekufa."

Karatasi ya bluu ilirudi hatimaye, na Bi Marisol Quintanar, wakili wa hapa hapa mjini, akapelekwa mbele ya Seneti. Jumanne moja ya mwezi wa pili nilipigiwa simu na kijana wa ofisi ya seneta, kura zimetoka kuhesabiwa. "Hamsini na tatu kwa arobaini na sita, kaka! Msherehekee!" Nami nikasherehekea. Niliandika kwenye kalenda ya mahakama kwamba jaji ameshateuliwa na ataapishwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Kisha nikawaandikia watu arobaini na mmoja waliokuwa wakingoja kuapa na kuwa raia wa Marekani, nikawaambia waje saa nne, jaji mpya atawaapisha. Nilidhani ni jambo zuri, kazi yake ya kwanza iwe ile.

Ijumaa hiyo Bi Arlene alirudi kutoka mapumziko ya siku tatu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Ukumbi umejaa, keki ya limau iko mezani, mama yake Bi Quintanar, mwenye miaka themanini na minne, amefika kutoka Texas na kiti cha magurudumu. Bi Arlene akanisogelea.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, mama? Seneti imeshapiga kura."

"Sikukuuliza kura. Nimekuuliza karatasi."

Alimaanisha hati ya uteuzi, ile ambayo rais hutia saini baada ya kura. Seneti hukubali tu, anayeteua ni rais, na asiposaini hajateua mtu. Kiapo kinachotangulia saini ni maneno matupu. Rais alikuwa safarini tangu Jumatano na hati ilikuwa juu ya meza yake, haina saini. Na jaji wetu mwingine alikuwa hospitalini, amepasuliwa goti. Kama Bi Arlene asingeuliza, watu arobaini na mmoja wangeondoka hapa na uraia waliopewa na mtu asiye jaji.

Hakunigombeza. Alinipa kisu, akasema, "Kakate keki. Vipande vidogo, watu ni wengi." Kisha akampigia Yvonne, mama mmoja anayeshughulikia hati za uteuzi kule Washington, ambaye wamezungumza kwa simu miaka ishirini bila kuonana. Yvonne akasema rais anarudi mchana, saa hasa haijui.

Bi Arlene akaenda kusimama mbele ya watu wote. Hakutuma mtu. Aliwaambia ukweli: kwamba Bi Quintanar bado ni wakili aliyevaa joho, na kwamba anawaomba wangoje. Mama yake Bi Quintanar akafoka.

"Binti yangu amengoja miaka mitatu, nawe hata 'Mheshimiwa' unamnyima?"

"Simnyimi, mama. Namtunzia."

Bwana Emir Softić, dereva wa lori mzaliwa wa Bosnia, mmoja wa wale arobaini na mmoja, akauliza kutoka safu ya pili, "Kwani kuna tofauti gani? Si ni mtu yule yule?" Bi Arlene akamjibu kwamba miaka ishirini ijayo mtu akimuuliza ni nani aliyemfanya raia, anataka jibu lake lisiwe na ufa. Bwana Softić akafikiri kidogo. "Mimi nimengoja miaka kumi na moja. Mchana mmoja haunitishi. Keki iko wapi?"

Hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Saa tisa na dakika ishirini mashine ya faksi, ile ambayo Bi Arlene aligoma isitupwe, ikaanza kukoroma. Alisoma saini, muhuri na tarehe, akasoma tena. Akamwapisha Bi Quintanar viapo vyote viwili, kile cha kuilinda katiba na kile cha kuwatendea haki maskini na tajiri sawasawa. Viliisha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili; aliandika saa hiyo kwa mkono wake. Ndipo akasema, kwa mara ya kwanza siku hiyo, "Mheshimiwa, karibu kazini. Kuna watu wanakungoja. Na mti wako uko juu, nao umekungoja." Yule bibi wa Texas alilia kuliko raia wapya wote.

Wiki iliyofuata karani mkuu aliuliza ni nani aliyekosea. Bi Arlene akasema kalenda ilisomwa vibaya, yamekwisha. Kalenda haikusomwa vibaya, niliiandika vibaya mimi. Karani mkuu naye atasoma haya, najua. Lakini siwezi kuandika sifa zake nikaiacha ile kubwa kuliko zote kwa sababu inanihusu.

Bi Arlene, asante kwa miaka yako, na kwa kila Jumatatu uliyopanda ngazi na birika. Uishi kwa amani, goti lipone, na asubuhi zako zisiwe na mtu wa kukuuliza kitu.

Mwenye nyongeza au picha ya zamani anipate kabla ya Ijumaa katika chumba cha majalada, ghorofa ya chini. Msitume barua pepe, bado anazisoma zote. Gongeni mara mbili. Kuanzia Jumatatu nitakuwa kwenye meza yake, simu ya ndani 214. Mkiwa na swali lolote kuhusu jaji mpya, pigeni wakati wowote wa kazi. Mimi, Emmett Krol, nitapokea, na kabla ya kuwajibu nitawauliza karatasi iko wapi.