Bao la Yuca na Kiatu cha Mgeni

Benchi letu liko mbele ya duka la Don Chalo, mkabala na uwanja wa mpira, na limebonyea upande mmoja kwa sababu Macho Rojas amelikalia upande huo tangu alipokuwa na nywele. Kahawa naleta mimi, Tista, nimeichuja kwenye mfuko wa kitambaa kama alivyochuja mama yangu, na anayeiona chungu aende akanywe maji ya mto, kama wale watalii wa boti za mpira watamwachia nafasi. Jumatatu asubuhi kwa kawaida huwa tunamjadili padri, au mke wa mtu. Jumatatu hii mke wa mtu alipumzika. Katikati ya benchi, juu ya gazeti, kilikuwa kimewekwa kiatu kimoja cha mwanamke, cha bluu, soli nene, bado kinachuruzika maji, na kila aliyepita alikitazama kama anayetazama maiti.

Jana yake ilikuwa fainali. Sisi wa La Tigrilla na wale wa Piedra Mocha, ng'ambo ya mto, watu ambao hata salamu zao zina matope. Mvua ilianza kipindi cha kwanza na haikukatika. Sufuri kwa sufuri mpaka dakika za nyongeza. Ndipo mpira ukamkuta Yuca, beki wetu, aliyeitwa Yuca, yaani muhogo, kwa urefu wake na ugumu wake. Yuca ana magoti yaliyokwisha, alishasema hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho, na tangu azaliwe hajafunga bao hata moja, hata mazoezini, hata kipa akiwa amekwenda kukojoa. Akaupiga kwa hasira zake zote.

Sasa, ile kampuni ya watalii, yenye boti na nyaya za kutelezesha wageni angani, waya wake wa mwisho unatoka mlimani, unapita juu kabisa ya goli la upande wa kanisa, na kuishia nyuma ya makaburi. Mpira ulipofika golini, na mgeni naye akafika, ananing'inia kwenye waya, anapiga kelele kama nguruwe wa Krismasi. Mpira ukamgonga mguu. Kiatu kikaanguka ndani ya wavu. Mpira ukaenda kwenye migomba. Refa alipuliza kipenga, akajikuna, akasema hajui kiatu kinahesabiwaje. Tukapigiana penalti, tukafungwa, kombe likavuka mto.

Alasiri ya Jumatatu hii kamati ya ligi ilikuwa ikae ukumbi wa kanisa kusikiliza malalamiko yetu. Tulitaka jambo moja tu: bao la Yuca lihesabiwe. Yuca mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi.

— Walianza na mto, alisema Macho. Tukanyamaza. Wakaja kwenye maporomoko, wanateremka kwa kamba mahali nyanya yangu alipokuwa anafua. Tukanyamaza. Sasa wamechukua mbingu.

— Mbingu si ya kijiji, Don Chalo alisema kutoka ndani ya duka.

— Iliyo juu ya goli ni ya kijiji.

Hapo nilimuunga mkono. Tangu waya ule upite, mwanamke hawezi kuanika nguo zake za ndani bila mtu wa nchi ya baridi kuzisalimia kutoka angani. Padri akiinua kikombe kitakatifu, juu ya paa kuna mtu anamwita mama yake. Mimi nisingekuwa na kinyongo kikubwa kama wangenipa hata zamu moja ya kupanda, maana kule juu unaona kila mlango wa nyuma wa kijiji na anayetoka humo, lakini wanasema umri wangu hauruhusu. Umri wangu. Meneja wao ana kitambi kinachotangulia salamu zake, na kila Jumamosi anateleza kwenye waya.

Pulga ndiye dereva wa teksi, mfupi, na hawezi kukubali kwamba kitu kimetokea chenyewe. Akatuuliza kama tunajua kwamba mgeni hupimwa uzito kabla ya kupanda. Don Chalo akamwambia ni kwa usalama wa waya. Pulga akacheka puani. Ukijua uzito wa mtu, alieleza, unajua mwendo wake, na ukijua mwendo wake unajua atakuwa wapi mpira ukifika. Na mama mkwe wa meneja anakaa wapi? Tukatazamana. Piedra Mocha.

— Kwa hiyo walijua kwamba Yuca atapiga? nikamuuliza. Hata Yuca hakujua.

— Doña Tista, usitetee watu kwa sababu wananunua zile sambusa zako, empanada.

— Wananunua na kuacha karatasi uwanjani. Siwatetei. Nauliza.

Macho alisema tumesahau mpira wenyewe. Nani alitoa mpira wa fainali? Kampuni. Uliandikwa nini ubavuni? Una picha ya yule ndege wao mwenye mdomo mkubwa. Kwa maoni yake, mpira uliotolewa bure humjua aliyeutoa, ndiyo maana uliacha goli wazi ukaenda kumtafuta mteja. Alisema hayo bila kucheka, na kichwani amevaa kofia yenye ndege yuleyule, waliyogawiwa wote siku ile waya ulipozinduliwa. Nilitaka kumwambia. Lakini kahawa ilikuwa bado nzuri.

Pulga hakukubali kuachwa nyuma. Akasema kiatu kina sumaku. Don Chalo akaleta kijiko, wakakigusisha kwenye soli, kijiko kikaanguka. Pulga akasema sumaku imelowa.

— Mimi nataka lihesabiwe tu, alisema Yuca.

Hakupaza sauti. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile. Pulga akarudisha kijiko dukani, na Macho akamwambia asiwe na wasiwasi, bao lile hata kipofu angelihesabu, lilikuwa linaingia kwenye kona ya juu, safi, kipa ameshapiga magoti. Pulga akasema si kona, ni katikati kabisa. Don Chalo akasema lilidunda kwanza. Kila mmoja aliliona likiingia mahali pake, na wakaanza kugombana kuhusu hilo, mpaka tukasikia mtu anabisha hodi kwenye nguzo ya duka.

Alikuwa binti mrefu, pua imeungua jua, mguu mmoja una kiatu cha bluu na mwingine una kandambili ya hoteli. Macho akakifunika kiatu chetu kwa kofia, kana kwamba kofia ile ingetusaidia.

Alisema anaitwa Annika. Aliongea lugha yetu polepole, kama mtu anayechambua maharage, lakini alichambua vizuri. Alituomba radhi sote, halafu akamwomba radhi Yuca peke yake, maana alishaelekezwa ni nani. Kwao naye anacheza mpira, alisema, na usiku kucha hakulala. Meneja alimtaka anyamaze, akamwahidi kumshusha kwenye maporomoko bure. Amekataa. Amekuja kutuambia kwamba alasiri atakwenda ukumbini awe shahidi wetu.

Mngeliona benchi letu. Pulga alisogea, na Pulga hampishi mtu hata kanisani. Don Chalo alitoka na mkate. Mimi nilimmiminia kahawa kwenye kikombe changu mwenyewe, kile chenye maua. Macho aliinua kofia, akamkabidhi kiatu kwa mikono miwili, akasema La Tigrilla haitamsahau. Hata Yuca alikunywa.

— Nitasema kweli tupu, alisema Annika. Mpira ulinigonga hapa.

Akagusa kifundo cha mguu.

— Hapo hapo, alisema Macho.

— Ila nisaidieni jambo moja, kwa sababu najua wataniuliza. Mimi nilikuwa juu ya goli. Miguu yangu ilikuwa mbali juu ya ule mti wa juu wa goli, kama paa hili lilivyo juu yetu. Mpira ulionikuta kule ungeingiaje chini?

Tukageuka kutazama uwanja. Goli lilikuwa palepale, mtambaa wa panya umelowa, na juu yake, juu sana, waya. Kunguru mmoja alikuwa ametua kwenye waya. Pulga alisema neno upepo, kisha akaliacha lipite. Don Chalo akakumbuka kwamba ameacha mchele haujafunikwa.

Yuca hakutazama uwanja. Alinitazama mimi.

— Doña Tista, alisema. Wewe ulikuwa nyuma ya goli na sinia lako.

Ni kweli, nilikuwa nyuma ya goli. Ndipo ninapouzia siku zote, kwa sababu pale unaona wachezaji, unaona jukwaa, unaona nani amekaa na nani, na hakuna kilichowahi kutokea kijiji hiki nisikione na kukisema kabla ya chakula cha jioni. Mimi ndiye niliyemwona mke wa karani akishuka kwenye basi la Limón. Mimi ndiye niliyejua habari za padri wa zamani.

— Nilikuwepo, mwanangu.

— Mpira ulikuwa unaingia?

Macho alinitazama. Binti alinitazama. Nikachukua birika, nikaona limebaki tone, nikaliweka chini.

— Ningekwambia, nilisema. Ila jua lilinipiga machoni.

Yuca aligeuza kikombe mkononi. Halafu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye ameshalipwa kwa njia nyingine, akasimama taratibu kwa ajili ya magoti.

— Binti, waambie ukumbini waya usipite siku za mechi, alisema. Hilo tu. Vijana wanaokuja nyuma yangu wapige mpira bila kugonga watu. Hayo ya bao langu yaache.

— Lakini bao...

— Yaache. Tutayamaliza hapa.

Akamimina kahawa yake iliyobaki kwenye kikombe chenye maua, ambacho binti alikuwa amekimaliza, akanipa. Annika alivua kandambili, akavaa kiatu, na kilipopokea mguu kilitoa maji pembeni, tukasikia. Alikitazama kile kiatu. Akanitazama mimi. Pulga alikuwa bado na tope la jana kwenye suruali, na mwavuli wangu ulikuwa umetundikwa dirishani kwa Don Chalo, unakauka.

Hakuna aliyetaja mvua.